Kuku Kutoka Tengani Hadi Sahanini: Mhadhara Juu ya Usalama wa Nyama ya Kuku Katika Masoko Yetu

Naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu huligusa kwa mkono wake, tena hulitia kinywani mwake, na kwa sababu ya mazoea hayo hayo aghalabu hatulitafakari. Nimetakiwa niseme juu ya hatari zinazoifuata nyama ya kuku tangu bandani mpaka mezani, na hasa nyama ile inayochinjwa kidogo kidogo, kuku kumi hapa na ishirini pale, katika masoko ya mji huu wa Dar es Salaam na miji mingine iliyo mfano wake.

Nitakalojaribu kulithibitisha ni hili: kwamba maradhi yatokanayo na nyama ya kuku, mara nyingi kuliko tunavyodhani, hutoka kwa kuku aliye mzima wa afya machoni petu, yakapita katika maji yaliyokwisha kuchafuka, yakalelewa na joto, na kufikishwa kwa mlaji na mikono ya watu wasiokusudia ubaya wowote, na maadamu njia yenyewe ndiyo hiyo, dawa yake ni maji, barafu na utaratibu, wala haimo katika kumfukuza mchinjaji mdogo sokoni.

Kuku katika nchi zetu hana mpinzani miongoni mwa vitoweo vya heshima. Mgeni akibisha hodi bila ya kutazamiwa, ng'ombe hachinjwi na mbuzi huenda akasalimika, lakini kuku hufukuzwa uani mpaka akapatikana. Na arusi, Idi, Krismasi na kila karamu ya nyumba ya mtu wa kawaida hukamilika kwake. Biashara ya kuku hapa mjini imegawanyika mafungu mawili. Lipo fungu la kuku wa kienyeji, ambao wengi wao hutoka mikoa ya kati, Singida na Dodoma, ambako hukusanywa vijijini, jogoo wawili kwa huyu na tetea watatu kwa yule, wakasongwa katika matenga, wakapandishwa juu ya mabasi na malori, na kuteremshwa alfajiri katika masoko kama Manzese na Shekilango. Na lipo fungu la kuku wa kisasa, wanaokuzwa kwa wiki nne hadi sita katika mabanda ya wafugaji wadogo wa pembezoni mwa mji na wa Mkoa wa Pwani, wakauzwa wote kwa mkupuo mara wafikapo uzito, kwa maana kila siku inayozidi ni chakula kinachozidi na faida inayopungua.

Mnunuzi wetu amezoea kumtaka kuku hai, na busara yake katika hilo siidharau hata kidogo. Akifika sokoni humpuliza kuku manyoya ya kifua aione ngozi, humpapasa kidari ajue kama kina nyama, humtazama macho kama yamechangamka na upanga kama ni mwekundu, kisha husimama pale pale ashuhudie kisu kikipita, ili awe na yakini kwamba anachokichukua kimechinjwa kwa njia ya halali na si kibudu kilichofia tengani usiku. Mtu asiye na jokofu, aliyesikia visa vya vibudu vinavyopenyezwa kwa siri, hana kinga nyingine iliyo rahisi kuliko hiyo. Walakini kinga hii ina mpaka wake, na mpaka wake ndio mlango wa mhadhara huu: jicho la mnunuzi laweza kumtambua kuku mgonjwa, wala haliwezi kumtambua kuku mwenye kubeba maradhi.

Tuchukue mfano wa bakteria waitwao salmonela, ambao jina lao limetokana na Daniel Salmon, mganga wa wanyama wa Marekani, ambaye msaidizi wake Theobald Smith ndiye aliyewatenga mwaka 1885. Jamii ya bakteria hawa ni kubwa, na ndani yake mna ajabu ambayo kila mnunuzi angefaa aijue. Wapo salmonela wanaomwua kuku, wakamletea homa ya matumbo ya kuku, akasinzia, akaharisha, na banda zima likaangamia. Na hao, pamoja na ukali wao wote, mara chache mno humdhuru mwanadamu. Na wapo wengine, ambao humdhuru mwanadamu sana, lakini katika utumbo wa kuku aliyekomaa hukaa kwa amani bila ya kumpunguzia hamu ya kula wala kumfifisha upanga. Kwa hiyo kuku yule tunayemkataa kwa kuwa amejikunyata huenda asingetufanya lolote katika jambo hili, ilhali yule tuliyemchagua kwa uchangamfu wake ndiye aliyebeba mzigo. Simaanishi kwamba kuku mgonjwa aliwe, hasha, kwa kuwa yako maradhi mengine yaliyo mabaya zaidi, na nitayafikia; nasema tu kwamba uzuri wa kuku si hati ya usalama wake.

Wa pili ni kampilobakta, ambaye wataalamu hawakumjua vema kuwa adui wa mwanadamu mpaka miaka ya 1970, walipopata njia ya kumwotesha kutoka katika choo cha wagonjwa. Huyu kwa kuku ni kama mkaazi wa kawaida, hukaa utumboni kwa mamilioni katika kila gramu ya kinyesi, na kuku asijue. Ila mwanadamu akimmeza hushikwa na msokoto wa tumbo, homa na kuharisha, pengine kwa damu, na wachache miongoni mwa waliopona hupatwa baadaye na ulemavu wa mishipa ya fahamu unaopoozesha viungo. Mwaka 1981 daktari mmoja wa Uingereza aliandika jinsi alivyojitolea nafsi yake, akanywa maziwa aliyoyatia vijidudu hawa takriban 500 tu, naye akaugua. Mia tano kwa hesabu ya vijidudu ni kitu kisichoonekana kabisa. Tone moja la majimaji ya kuku mbichi laweza kubeba zaidi ya hao.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa makadirio yake mwaka 2015 lilisema kwamba kila mwaka watu milioni 600 huugua kwa sababu ya chakula kilichoharibika au kuchafuka, na 420,000 miongoni mwao hufa, na kwamba watoto walio chini ya miaka mitano wanaokufa hukaribia 125,000. Tena Afrika ndiyo yenye kubeba sehemu nzito kupita mabara mengine kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Hesabu hiyo ni ya vyakula vyote, si ya kuku peke yake. Lakini kuharisha ndiyo sehemu yake iliyo kubwa, na salmonela na kampilobakta wana fungu lao humo. Mtu mzima mwenye nguvu huharisha siku tatu akasema nimekula vibaya, akasahau. Ila mtoto aliyekwisha dhoofishwa na malaria au utapiamlo, huenda salmonela wakatoka utumboni wakaingia katika damu, na hapo habari huwa nyingine.

Sasa tumfuate kuku mwenyewe tangu safarini. Matenga yakipangwa moja juu ya jingine juu ya gari, wa juu humwagia wa chini kinyesi, na fadhaa ya safari, joto na kiu humfanya kuku atoe vijidudu kwa wingi kuliko alivyokuwa akitoa nyumbani. Tenga likishushwa hupakiwa kuku wengine kurudi au kuhamishwa soko la pili bila ya kuoshwa, kwa kuwa fito na kamba hazioshiki upesi na maji sokoni hununuliwa kwa ndoo. Kisha tunamlisha pumba mpaka dakika ya kuuzwa, naye huja kwenye kisu akiwa na matumbo yaliyojaa. Wenye kuijua kazi hii wanashauri kuku anyimwe chakula, wala asinyimwe maji, kwa muda wa saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinjwa, ili utumbo uwe na kitu kidogo cha kumwagika. Ni jambo lisilogharimu hata senti, bali huokoa pumba.

Twendeni basi pembeni mwa soko, mahali pa kuchinjia, tukatazame kwa utulivu. Mchinjaji anamshika kuku mbawa na miguu, anamwelekeza kibla, anataja jina la Mwenyezi Mungu, na kisu kikali kinakata koromeo, umio na mishipa ya shingo kwa mara moja; kisha kuku anatupwa ndani ya pipa lililokatwa nusu, atapatape mpaka atulie. Hapa pana kosa la kwanza, la haraka. Damu huhitaji dakika moja na nusu hadi mbili itoke vema, lakini mteja amesimama, bodaboda ananguruma, na mnyonyoaji anamchukua kuku ambaye roho haijamtoka sawasawa, akamtosa katika maji ya moto. Sheria ya dini imelikataza tendo hilo kwa ajili ya huruma kwa kiumbe, na elimu ya afya inalikataza kwa sababu yake yenyewe, kwamba kuku anayepumua huvuta maji machafu mpaka ndani ya mapafu.

Kisha tazameni maji hayo. Sufuria kubwa iko juu ya kuni tangu alfajiri; maji ambayo asubuhi yalikuwa meupe, kufika adhuhuri yamekuwa ya kahawia, na juu yake yanaelea manyoya, mafuta na kinyesi kilichotoka katika miguu na matumbo ya kuku mia waliotangulia. Watu hudhani kwamba maadamu maji ni ya moto basi moto umeyatakasa. Ingekuwa hivyo kama yangechemka daima. Ila kila kuku anayetoswa huyapoza, kuni ni ghali, na mnyonyoaji mzoefu hapendi maji yachemke, kwa kuwa huivisha ngozi ikachanika. Maji ya kunyonyolea hufanya kazi yake vema katika nyuzi 50 hadi 60 au zaidi kidogo, na katika nyuzi 50 na kitu salmonela hawafi upesi. Matokeo yake ni kwamba vinyweleo vya ngozi hufunguka ili manyoya yatoke, na wakati huo huo uchafu wa kuku mia unapata mahali pa kuingia, kisha ngozi ikipoa vinyweleo vinajifunga juu yake. Mafakihi wa Kihanafi walipata kulijadili jambo hili karne nyingi kabla ya kuwapo hadubini, wakiuliza ni ipi hukumu ya kuku anayetiwa katika maji yachemkayo ili anyonyolewe kabla tumbo lake halijapasuliwa, na kuhofu kwamba akikaa humo muda mrefu najisi iliyo ndani itapenya katika nyama. Njia yao ni ya tohara na yetu ni ya bakteria, lakini shaka yao iliangukia pale pale panapostahili kutiliwa shaka.

Baada ya kunyonyolewa huja upasuaji, na hapa ndipo ustadi wa mkono hutofautiana sana. Fundi mzuri hukata duara kulizunguka tundu la choo, akaingiza vidole, akautoa utumbo wote pamoja bila ya kuupasua wala kuipasua nyongo. Fundi wa haraka huchanja tumbo kwa nguvu, utumbo ukachanika, na kilichomo kikatapakaa juu ya kidari. Dawa ya ajali hiyo kwa desturi yetu ni ndoo. Kuku huchovywa ndani ya ndoo ya maji, akasuguliwa mara mbili, akatolewa akimeremeta. Anayefuata huchovywa katika ndoo ile ile, na anayefuata tena, mpaka maji yawe mekundu mazito, na baada ya hapo wachache zaidi. Ndoo hiyo, ambayo sote tunaiita ya kusafishia, ndiyo inayomgawia kila mteja fungu lake la uchafu wa kuku wa mwenziwe. Hata firigisi, maini, utumbo, vichwa na miguu, ambavyo hukusanywa beseni moja na kuuzwa kwa bei nafuu kwa wakaangaji wa vichochoroni, vimepita humo humo, tena hukaa juani muda mrefu zaidi kwa sababu ndivyo vya mwisho kununuliwa.

Na muda, mabwana, ndio adui wa tatu. Salmonela akiwa katika joto linalomfaa huweza kujigawa akawa wawili kwa kiasi cha nusu saa. Fanyeni hesabu wenyewe: mmoja baada ya saa moja huwa 4, baada ya saa nne huwa 256, na baada ya saa nane hupita 65,000, na hiyo ni hesabu ya aliyeanza mmoja, wala kuku wetu hakuanza na mmoja. Chini ya nyuzi 5 kuongezeka huko husimama, na juu ya nyuzi 60 huanza kufa. Baina ya mipaka hiyo miwili ndipo lilipo joto la mji huu, usiku na mchana, mwaka mzima, na hasa zinapovuma kaskazi. Kuku aliyechinjwa saa kumi na mbili asubuhi, akatiwa katika mfuko wa plastiki angali na joto la mwili wake, akafungwa nyuma ya pikipiki, akakaa kwenye meza ya kibanda mpaka wateja wa chipsi wa saa mbili usiku, amepewa saa kumi na nne. Tena tusijidanganye kwamba jokofu litamtakasa baadaye, kwa kuwa baridi humlaza kijidudu, haimwui.

Anayeua ni moto. Nyama ya kuku ikifika nyuzi 70 na kuzidi mpaka ndani kabisa, karibu na mfupa wa paja, bakteria tuliowataja hufa, na kwa hiyo pilau, mchuzi na supu yetu iliyochemka vizuri hutuokoa kila siku na makosa yote niliyoyahesabu. Lakini angalieni kibanda cha chipsi kinavyoendeshwa. Kuku mbichi amekatwa vipande juu ya ubao. Ubao umefutwa kwa kitambaa. Na juu ya ubao ule ule, kwa kisu kile kile, zimekatwa nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kuku anaingia katika mafuta yanayochemka, anatoka salama. Kachumbari haiingii popote, inawekwa mbichi ubavuni mwake. Mteja akiugua usiku humlaumu kuku, naye kuku safari hii hana hatia. Nyumbani nako tuna desturi ya kumwosha kuku chini ya bomba kwa limau, na maji yakaruka mpaka juu ya sahani na mboga. Ladha ya limau ni njema, lakini haitoshi kuua, na marusho hayo hueneza kuliko yanavyosafisha. Atakaye kumwosha, kwa kuwa wa sokoni mara nyingi huja na manyoya na damu, amwoshe taratibu ndani ya beseni lenye kina, mbali na vyakula vinavyoliwa vibichi, kisha beseni, sinki na mikono vioshwe kwa sabuni.

Iko hatari nyingine isiyouawa hata na moto, nayo hutoka bandani. Mfugaji wa kuku wa kisasa akiona katika wiki ya nne kwamba wameanza kukoroma na kuharisha, hukimbilia duka la dawa za mifugo, akanunua tetrasaiklini au salfa bila ya kumwuliza bwana mifugo, akawatilia katika maji; na asubuhi ya pili, kwa kuogopa hasara, huwaita wanunuzi. Kila dawa ina siku zake za kusubiriwa, zilizoandikwa juu ya kifungashio, kabla nyama au mayai hayajaliwa, na asiyesubiri humlisha mlaji dawa ambayo hakuandikiwa na daktari. Lililo baya zaidi ni kwamba bakteria waliozoeshwa dawa katika utumbo wa kuku hujifunza kuivumilia, wakamfikia mwanadamu wakiwa sugu. Uingereza ilitahadharishwa juu ya jambo hili tangu mwaka 1969 na kamati iliyoongozwa na Profesa Swann. Marekani mwaka 2005 iliiondoa dawa ya enrofloksasini katika ufugaji wa kuku kwa sababu kampilobakta walianza kuishinda. Na Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku kuanzia 2006 kuwanenepesha mifugo kwa antibiotiki. Sisi tunayo sababu ya karibu zaidi ya kulifahamu. Katika fiqhi, mnyama aliyezoea kula najisi hafai kuliwa mpaka afungiwe na kulishwa chakula safi kwa muda. Na imepokewa kwamba Abdullah ibn Umar, akitaka kumla kuku wa namna hiyo, alikuwa akimfungia siku tatu. Mfugaji anayeikubali subira ile kwa ajili ya tohara ana udhuru gani wa kuikataa hii kwa ajili ya dawa? Mchuma janga hula na wa kwao, na kuku wake ataliwa pia na wanawe.

Nilisema kwamba yako maradhi ya kuku yaliyo mabaya zaidi. Mwaka 1997 huko Hong Kong, mafua makali ya ndege yaliwapata watu 18, wakafa 6, na masoko ya kuku hai yakadhihirika kuwa ndipo ndege wa kila namna walipokutana na kuambukizana. Serikali ya huko iliwachinja kuku zaidi ya milioni moja. Baadaye, badala ya kuyafunga masoko moja kwa moja, ikaweka kanuni: bata na bata bukini wakatenganishwa na kuku, ikawekwa siku ya mapumziko kila mwezi ambayo mabanda yote yaliachwa matupu na kusafishwa, na tangu 2008 kuku hai hawaruhusiwi kulala katika duka la rejareja. Hayo si mambo ya mbali nasi, kwa kuwa Januari 2017 mafua ya ndege yalithibitishwa Uganda, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ziwa ambalo ndege wake hawana pasipoti.

Baada ya kuyasikia yote haya, wako watakaosema: basi na tuwafukuze wachinjaji wa sokoni, kuku wote wakachinjwe viwandani. Nawaomba wasiwe na haraka. Kiwanda chenye mashine, baridi na mkaguzi ni jambo jema, walakini ukubwa peke yake haukinzi maradhi. Mwaka 1953 nchini Sweden, nchi isiyosifiwa kwa uchafu, machinjio makubwa ya mji wa Alvesta yalitoa nyama yenye salmonela wakati wa joto kali, watu takriban 9,000 wakaugua na 90 hivi wakafariki. Kosa la mchinjaji mdogo huingia katika nyumba chache. Kosa la machinjio makubwa huenea nchi nzima. Fauka ya hayo, mchinjaji aliyefukuzwa sokoni haachi kuchinja. Huhamia uani, nyuma ya nyumba, ambako hakuna mfereji wala bwana afya, na kuku atauzwa kama kawaida, ila tutakuwa tumepoteza hata nafasi ya kumwona anavyochinjwa.

Lililo bora ni kumtengeneza pale alipo. Miji ya Kiislamu ya kale ilikuwa na muhtasibu, aliyepita sokoni akichungulia mizani na visu vya wachinjaji, na vitabu viliandikwa kumwelekeza, kama kile cha al-Shayzari cha karne ya 12. Sisi tuna Sheria ya Tasnia ya Nyama ya mwaka 2006, na tangu 2019 usimamizi wa usalama wa vyakula umekabidhiwa Shirika la Viwango Tanzania, pamoja na mabwana afya na mabwana mifugo wa halmashauri. Sheria hatuna uhaba nazo. Uhaba wetu ni bomba. Halmashauri inayokusanya ushuru wa kila tenga ina deni kwa mlipaji wake, na deni hilo ni maji yanayotiririka, sakafu inayooshika na mfereji unaopeleka damu mahali pake. Likilipwa deni hilo, ndipo mchinjaji adaiwe yafuatayo bila ya huruma: upande wa kuchinjia na kunyonyolea utengwe na upande wa kupasulia na kuoshea, na visu na watu wa upande mmoja wasivuke; maji ya sufuria yabadilishwe kila baada ya idadi ya kuku itakayopangwa; ndoo ya kuchovya iondolewe kabisa, na kuku aoshwe kwa maji yanayopita; na matenga yasuguliwe na kukaushwa juani kabla ya kurudi safarini. Siku moja ya mwezi soko liwe tupu na lisafishwe, kama walivyofanya wenzetu wa Hong Kong.

Barafu nayo isionekane anasa. Wauza samaki wa soko la Feri wameizoea miaka mingi, na hakuna anayewacheka. Kuku, ambaye huharibika kwa vijidudu wenye madhara zaidi, ana haki ya kuwekwa katika sanduku lenye barafu safi mara anapotoka kuoshwa, na bodaboda anayempeleka hotelini ana haki ya kupewa sanduku badala ya mfuko. Gharama itakuwapo, wala sitaificha: kuku wa namna hii atazidi bei kidogo. Anayetaka kuku safi kwa bei ya kuku mchafu anamtaka mchinjaji ampe sadaka, na mchinjaji huyo ana watoto.

Kwa hiyo, waheshimiwa, nina ombi kwa kila mmoja. Mfugaji, zihesabu siku za dawa kabla hujapiga simu kwa mnunuzi. Dalali, osha tenga. Mchinjaji, mpe kuku dakika zake mbili, na uyamwage maji yaliyokwisha kuchafuka. Mama lishe, weka ubao wa kuku mbali na ubao wa kachumbari. Madiwani, ushuru wa soko uanze kurudi sokoni. Na wewe mnunuzi, ambaye fedha yako ina sauti kuliko mihadhara yote, endelea kumtazama kuku macho na upanga kama ulivyozoea, lakini baada ya kumchagua inama utazame na ndoo. Ukiona maji yamegeuka rangi, mwambie muuzaji kwa adabu kwamba utamlipa akiyabadilisha, na asipoyabadilisha, mrudishie kuku wake.